Kutoka Mizabibuni Hata Pwani

Twapenda kuwasimulia habari za nchi ya Rasi, upande wa kusini wa Afrika. Huko milima na bahari zimekaribiana sana, hata mtu aweza kuchuma zabibu alfajiri na kuoga baharini kabla ya adhuhuri. Walakini safari hiyo fupi ilikuwa ndefu mno kwa watu wengi, na sababu yake mtaiona.

Mji wa Stellenbosch, ulio katikati ya mashamba ya mizabibu, ulianzishwa mwaka 1679 na Simon van der Stel, mkuu wa Waholanzi waliotawala Rasi. Mwaka 1688 walifika Wakristo wa Ufaransa waliokimbia mateso kwa ajili ya imani yao, nao wakapewa mashamba katika bonde la Franschhoek na kwingineko. Lakini waliopalilia na kuchuma wengi wao walikuwa watumwa, walioletwa kutoka Bara Hindi, visiwa vya Mashariki, Bukini na Msumbiji. Hata miongoni mwa wale walioonja mateso walikuwako waliomiliki watumwa. Jambo hili latupasa kulitafakari.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1834, ila watu wakafungwa kazini miaka 4 zaidi. Hata walipokuwa huru, wenye mashamba wengi waliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe, tangu asubuhi hata jioni. Baadaye desturi hiyo ilikatazwa kwa sheria, lakini haikufa upesi. Matunda yake ni machungu: hata leo Rasi ni mahali pamojawapo duniani wanapozaliwa watoto wengi waliodhurika akili na mwili kwa sababu mama zao walikunywa walipokuwa na mimba.

Basi tushuke pwani. Toka Stellenbosch mpaka Strand ni yapata kilomita 20 tu, na jina lenyewe la mji huo maana yake ni ufuo. Mchanga wake ni mweupe, na maji yake hayana kina karibu na nchi kavu, hata watoto huyapenda. Mvunaji akipanda mlimani siku ya anga safi aweza kuiona ghuba iking'aa mbele yake. Lakini mwaka 1953 serikali ilitunga sheria ya kuwatenga watu kwa rangi yao mahali pa watu wote, na fuo zilizo nzuri zikawekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mtu aliyetunza mzabibu hakuruhusiwa kulowesha miguu yake katika maji yale.

Tarehe 19 Agosti 1989 watu wengi walikusudia kwenda kuoga kwenye fuo hizo zilizokatazwa. Pamoja nao alikuwako Desmond Tutu, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana huko Cape Town. Hawakuchukua silaha yo yote. Huko Strand askari wakawazuia, wakiwa na mbwa na mijeledi. Walakini haki haikuzuilika. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo serikali ilitangaza kwamba fuo ziwe wazi kwa watu wote, na mwaka 1990 sheria yenyewe ikafutwa.

Leo jamaa za mashambani hushuka pwani na vikapu vyao vya chakula, hasa wakati wa Mwaka Mpya, kabla kazi ya mavuno haijapamba moto. Wengine huenda Muizenberg, ambako tangu mwaka 2004 wako walinzi wakaao mlimani kutazama papa. Papa akionekana, king'ora hulia na bendera nyeupe hupandishwa, na kila mtu hutoka majini. Wengine huenda Boulders kutazama pengwini, ndege wasioruka. Mwaka 1982 walikuwa jozi 2 tu mahali pale, kisha wakaongezeka sana; lakini tangu mwaka 2024 ndege hao wa Afrika wamehesabiwa miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Enyi wazazi na walimu, bahari ni nzuri, lakini haina huruma kwa mtu asiyeijua. Mtoto asiachwe peke yake majini hata dakika moja. Mtu akichukuliwa na mkondo uvutao nje, asishindane nao, maana atachoka na kuzama. Na atulie, aelee, apunge mkono kuomba msaada, kisha aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke mkondoni, ndipo arudi nchi kavu. Katika fuo nyingi za Rasi yametundikwa maboya ya rangi ya waridi, ili atakaye kumwokoa mwenziwe awe na kitu cha kumwelesha. Wafundisheni watoto haya kabla hawajaiona pwani, iwe ya Rasi, ya Tanga au ya Malindi.

Zaburi ya 104 yaitaja divai na kuitaja bahari, vyote viwili kuwa kazi ya Mungu mmoja. Hakuna aliyempa mwanadamu ruhusa ya kumnywesha mwenziwe divai ili amtawale, wala ya kumfungia bahari. Basi siku utakapowapeleka watoto wako pwani, tazama pia kama mtumishi wako na watoto wake wamepata siku ya kupumzika. Kama hawajaipata, wape.