Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Wazazi wengi wakiona taya la mtoto limevimba hudhani ni jino bovu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini meno yakilegea bila kuoza, na uvimbe ukikua siku kwa siku, hata pengine jicho likasukumwa nje, basi huenda ni kansa, ambayo wengine huiita kansere.

Kansa hii ina jina la daktari Denis Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misioni walisafiri kwa gari kuukuu kilomita 16,000 hivi, wakiuliza katika kila hospitali: Je, mmewaona watoto wa namna hii? Wakagundua kwamba ugonjwa ni mwingi katika nchi za chini zenye joto na mvua, nao ni haba milimani. Leo twajua kwamba malaria ina sehemu yake katika jambo hilo. Goma iko juu, mita 1,500 hivi, lakini wagonjwa hutoka hata bonde la Rutshuru na msitu wa Walikale, ambako mbu ni wengi.

Tufikiri habari za jamaa moja ya Walikale. Jirani amesema mtoto amelogwa. Fundi wa dawa za kienyeji amemchanja shavu. Mwezi umepita, na kwa kansa hii mwezi ni mrefu mno, maana uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku mbili tu. Mwishowe wanafika hospitalini. Daktari anakata kipande kidogo cha uvimbe ili kitazamwe kwa hadubini, kisha anaanza dawa: sindano za mshipa, na nyingine za uti wa mgongo. Baada ya siku chache uvimbe unayeyuka, na uso wa mtoto unarudi kama zamani!

Hapo ndipo hatari ilipo. Baba anahesabu fedha zilizobaki, anakumbuka shamba na watoto walioachwa kwa shangazi. Anasema, "Mama watoto, amepona, turudi." Mama anajibu, "Baba, daktari amesema bado." Mama ana haki. Kansa isiyoonekana ingali hai mwilini, na ikirudi, mara nyingi dawa huishindwa. Mtoto akimaliza dawa zote aweza kupona kabisa.

Wakristo, msiiache jamaa kama hiyo peke yake. Limeni shamba lao, changeni nauli. Wala msiogope kumbeba mtoto, kansa haiambukizi.

Na ninyi wazazi, nywele zikianguka msishtuke, zitaota tena. Vidonda vya kinywa na kutapika hutokea pia, mwambieni muuguzi. Lakini homa ni jambo jingine, kwa sababu dawa hizi hupunguza nguvu za damu za kupigana na vijidudu. Mtoto akipata homa, hata usiku, mleteni saa ile ile.