Bongo la Mtoto Halikugawanyika: Nani Alikosa?

Huku kwetu Mubambiro mtoto akizaliwa na uso usio wa kawaida, maneno ya watu hufika mbele ya daktari. Kitovu bado hakijakauka, jirani amekwisha kusema: "Ule mama alichekaka kilema." Mwingine anajibu: "Hapana, ni bibi yake njo alimuloga." Na wale wanaotoka kuchimba koltani Rubaya wana lao: baba alienda kwa mufumu kutafuta mali, sasa analipa kwa mtoto.

Nilikaa katika kikao kimoja cha namna hiyo, kwa familia ya kanisa. Mtoto alikuwa na macho yaliyokaribiana sana, pua imelala, mdomo umepasuka katikati. Bamukwe walitaka mama arudishwe kwao. Wakanigeukia: "Pasta, sema." Nilisema kidogo tu, maana sikujua kitu. Tangu siku ile nimeuliza na kusoma.

Ugonjwa ule unaitwa holoprosensefali. Katika mimba, bongo la mbele linaanza kama kifuko kimoja, halafu kifuko kile kinagawanyika kuwa nusu mbili, ya kuume na ya kushoto. Kwa mtoto yule hakikugawanyika vizuri. Na kwa sababu uso unajengwa pamoja na bongo, macho yanakaribiana. Katika hali mbaya kabisa linatokea jicho moja tu. Mambo haya yanapita katika juma la 3 na la 4 tangu mimba kuingia. Hesabu mwenyewe, mama: wakati ule umechelewa siku chache tu, pengine hujajua hata kama uko na mimba. Kicheko cha mwezi wa sita kingefikaje kule?

Basi nani anatoa amri kifuko kigawanyike? Wachimbaji wanamjua kapita. Yeye hashiki chepeo, lakini asiposema, hakuna anayeshuka katika shimo. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni, ni kama maandiko ya kujenga mtu, na mengine kati yao yanatengeneza makapita: protini zinazowasha jeni nyingine au kuzizima. Kapita mmoja wa bongo anaitwa ZIC2. Jeni yake iko katika kromosomu ya 13. Mwaka 1998 wachunguzi wa Marekani, Stephen Brown na wenzake, walionyesha kwamba jeni hiyo ikiharibika, bongo la mbele linaweza kukosa kugawanyika. Kila mtu ana nakala mbili za ZIC2, moja ya baba na moja ya mama. Kuharibika kwa moja kunatosha kuleta ugonjwa.

Jambo moja lilinishangaza, nikacheka peke yangu. Protini hiyo inashika jeni nyingine kwa vidole vitano, na kila kidole kinakaa imara kwa sababu kinashika chembe moja ya zinki. Ndiyo, zinki, ile madini inayochimbwa Kipushi!

Sasa sikilizeni vizuri, ninyi bamukwe. Mara nyingi kosa la ZIC2 halikutoka kwa baba wala kwa mama. Linakuwa jipya, limetokea kwa mtoto yule wa kwanza. Tena ZIC2 haiko peke yake: kuna jeni nyingine, kuna kromosomu ya 13 iliyozidi, kuna ugonjwa wa sukari wa mama wakati wa mimba. Madaktari wanahesabu karibu mimba 1 kwa 250 yenye shida hii. Nyingi zinatoka zenyewe, na wanaozaliwa ni karibu 1 kwa 10,000. Ulaya iko, Japani iko, na kule hakuna bibi wa Masisi wa kuloga.

Na machimbo je? Lubumbashi, kwenye shaba na kobalti, madaktari walieleza habari za watoto wa holoprosensefali mwaka 2019. Mwaka 2020 wakatoa uchunguzi mwingine, juu ya vilema vya kuzaliwa vya kila namna: watoto 138 wenye vilema walilinganishwa na 108 wasio navyo. Vilema vilionekana zaidi kwa watoto ambao baba yao alifanya kazi ya madini. Katika damu ya kitovu ya wenye vilema, manganizi na zinki zilizidi. Haisemi kwamba baba fulani alimharibu mtoto fulani, na sisi huku tuna koltani na kasiterite, si kobalti. Lakini mimi nikiona baba anarudi na vumbi na kulala na nguo za shimo kando ya mke wake, sinyamazi tena.

Dawa ya kuligawanya bongo lile haiko. Walioguswa sana hufa mapema. Wengine wanaishi, wanahitaji dawa za kifafa na uvumilivu wa kuwalisha polepole. Ekografi inaweza kuonyesha shida mbele ya kuzaa.

Nilirudi kwa familia ile na kueleza haya, nikichora vifuko viwili kwa kijiti mbele ya mlango. Baba alitazama mchoro muda mrefu, akaenda kutundika koti lake la kazi nje, juu ya mti wa avoka. Mama mukwe hakuomba msamaha. Alinyoosha mikono tu, akasema, "Muniletee mutoto, mama yake alale kidogo."