Mti Adimu wa Misitu ya Gongoni na Mrima

Misitu ya Gongoni na Mrima ina mti wenye maua makubwa meupe ambao duniani kote humea katika misitu michache tu ya Kenya na Tanzania. Wataalamu huuita Gigasiphon macrosiphon. Umo katika orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Kwa kuwa umebaki mahali pachache, kila mti unaokatwa kwa kuni au nguzo hupunguza mbegu za kesho.

Kukata mti katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Ukiona ukataji, mjulishe chifu au afisa wa misitu (KFS) aliye karibu.