Ukaguzi na upekuzi si mamoja, hasa mahakamani

MWANAFUNZI wangu wa uzamili anayefanya kazi ya ukalimani mahakamani aliniuliza majuzi: “Prof, ukaguzi na upekuzi si kitu kimoja tu?” Nilimjibu kwamba sivyo. Tofauti hiyo yaweza kuchangia kuamua iwapo mshukiwa atakabidhiwa taifa jingine ili ashtakiwe huko, au ataenda zake nyumbani.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Kuku hupekua jaa akitafuta punje. Anayepekua anaamini kuna kitu kimefichika. Kukagua ni kutazama kwa makini ili kuhakikisha mambo yako sawa. Mkaguzi hukagua vitabu vya hesabu, naye afisa wa forodha hukagua mizigo. Hawa hawalazimiki kukushuku kwanza, na ndiyo maana sheria nyingi huwaruhusu kufanya kazi bila kibali cha mahakama. Polisi anayetaka kupekua nyumba yako, kwa kawaida, hana budi kuwa na kibali.

Sasa tazama kesi ya Meng Wanzhou, aliyekuwa afisa mkuu wa fedha wa kampuni ya Huawei. Mnamo Desemba 1, 2018 alitua Vancouver, Kanada. Marekani ilitaka akamatwe kwa madai ya kuihadaa benki ya HSBC kuhusu biashara nchini Iran, na hati ya kumkamata ilikuwa imetolewa siku moja kabla. Hata hivyo, polisi hawakumkamata papo hapo. Maafisa wa mpakani ndio waliotangulia: wakamhoji, wakachukua simu zake na kuandika nambari zake za siri. Ni baada ya takriban saa tatu ndipo polisi walipomwarifu kuwa amekamatwa na ana haki ya kupata wakili. Nambari zile nazo zikaishia mikononi mwa polisi, jambo ambalo idara ya mpakani ilisema ni kosa lililotendeka.

Mawakili wake walidai kuwa huo ulikuwa upekuzi uliovishwa joho la ukaguzi, wakaomba mchakato mzima wa kumhamisha usimamishwe. Upande wa serikali ulishikilia kuwa ni ukaguzi wa kawaida wa mgeni. Nani alikuwa sahihi? Mahakama haikupata nafasi ya kuamua. Septemba 2021 Meng aliafikiana na Marekani, ombi likaondolewa, akarejea Uchina.

Lakini kipimo kipo. Mwaka wa 2002, katika kesi ya Jarvis, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema kwamba pindi lengo kuu la afisa wa ushuru linapogeuka kuwa kutafuta hatia ya jinai, hawezi tena kutumia mamlaka ya ukaguzi. Kinachotazamwa ni lengo, si sare.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba hulinda faragha. Kifungu cha 49 humpa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50(4) nacho huagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki ukataliwe iwapo utaharibu usawa wa kesi au kuhujumu utoaji wa haki.

Basi mkalimani akisema “alikaguliwa” pale shahidi aliposema “alipekuliwa”, huenda amemnyang’anya mshtakiwa hoja yake bila kujua. Nilimwambia mwanafunzi wangu hivyo, naye akanyamaza, kisha akafungua daftari.