Umemeza dawa ya kichocho na mkojo bado una damu? Chunguza figo

WEWE kijana wa Tiwi, leo tuongee bila kuoneana haya. Umeenda kukojoa asubuhi, ukaona mkojo umekuwa mwekundu, au una rangi ya chai ya strungi. Jambo la kwanza kukujia akilini? Kichocho.

Huna makosa. Kwale inajulikana kwa kichocho, na kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakikichunguza kule Msambweni. Ufuo wetu wa bahari hauna shida, maana konokono wanaobeba minyoo hiyo hukaa kwenye maji yasiyo na chumvi: mabwawa na vijito vya huko bara. Ukipimwa, peleka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya minyoo huwa mengi. Dawa ni praziquantel, basi.

Sasa shughuli iko hapa. Umemeza dawa, bwawani hujarudi, mayai hayaonekani tena, na damu bado ipo. Usibahatishe kidonge kingine. Huenda tatizo liko juu zaidi, kwenye figo.

Kila figo ina takriban vichujio milioni moja. Kwa siku, figo zako mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji, ingawa wewe unakojoa lita moja au mbili tu. Ndani ya kila kichujio kuna utando mwembamba ajabu, ulioshikiliwa na protini inayoitwa kolajeni aina ya 4.

Umemwona nyanya akikamua nazi kwa kifumbu? Tui linapita, chicha linabaki. Utando huo hufanya kazi hiyo hiyo. Kolajeni yake ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na uzi mmoja ukiwa na hitilafu, msuko wote unalegea. Kwanza zinapenya seli za damu, halafu protini. Miaka ikisonga, kichujio kinageuka kovu.

Ugonjwa huo unaitwa Alport, kutokana na Cecil Alport, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1927 aliandika kuhusu familia moja ya Uingereza iliyokuwa na damu kwenye mkojo na uziwi kizazi baada ya kizazi. Kwa nini uziwi? Kwa sababu kolajeni hiyo iko pia ndani ya sikio, na hata kwenye jicho.

Ni ugonjwa adimu, lakini ukiingia kwenye familia si mchezo. Mara nyingi hitilafu hukaa kwenye kromosomu ya X. Mama akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Baba huwapa mabinti wote, wavulana hawapi. Wavulana ndio huumia zaidi: wasipotibiwa, karibu nusu yao figo hufeli kufikia umri wa miaka 25. Dada, nawe usijitoe. Figo zako zinaweza kuharibika pia, ingawa mara nyingi polepole.

Familia ikizika kijana wa pili, maneno huanza: wamerogwa. Na kidole humwelekea mama. Hakuna aliyeroga mtu, na hakuna anayechagua kromosomu za kumpa mwanawe.

Habari njema ni hii: dawa za presha za bei nafuu, kama enalapril na ramipril, hupunguza protini inayovuja na zinaweza kuchelewesha kwa miaka mingi ile safari ya kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki. Zinasaidia hata kama presha yako iko sawa. Lakini ni daktari wa kukuanzishia, na mjamzito hapaswi kuzitumia.

Kwa hivyo rudi kliniki. Omba mkojo upimwe damu na protini, damu ipimwe kazi ya figo, na masikio yachunguzwe. Na zile dawa za maumivu unazobugia kila siku bila kuandikiwa, zii. Zinaumiza figo.

Kabla ya kwenda, kaa na nyanya jioni umuulize: nani kwetu aliacha kusikia akiwa bado kijana? Nani alivimba miguu na uso, akafa mapema? Majibu yake mpelekee daktari.