Glavu Nyepesi za Pikipiki kwa Siku za Joto

Katika miezi ya kaskazi jua la Mombasa huwaka tangu asubuhi, na waendesha pikipiki wengi hushika usukani kwa mikono mitupu. Sababu yao yaeleweka: glavu nzito huipika mikono, na jasho likijaa ndani yake huudhi mno. Lakini kuziacha glavu kabisa si dawa ya joto. Ziko glavu nyepesi zilizoshonwa kwa ajili ya joto hasa, na yafaa mtu azijue kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza na tufahamu sababu ya kuzivaa. Mtu aangukapo hutanguliza viganja bila hata kufikiri. Ikiwa pikipiki ilikuwa mwendoni, viganja hivyo husagwa na lami. Tena, penye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, pana mfupa mdogo usiopata damu kwa wepesi. Ukivunjika huenda ukachukua miezi kupona, na pengine usiunge kabisa. Dereva wa bodaboda aliyeumia hivyo hawezi kukamata breki wala klachi, na asipofanya kazi, nyumbani kwake hakuna posho.

Glavu njema ya joto huwa na mgongo wa kitambaa cha wavu, au wa ngozi yenye matundu madogo, ili upepo upite. Kiganja chake, lakini, ni cha ngozi kamili. Ngozi ya mbuzi hupendwa kwa kuwa ni nyembamba, nayo haichaniki upesi. Nyingine hutiwa kiganjani kipande kigumu chenye uso laini, ili mkono uteleze juu ya lami wala usikwame.

Katika Ulaya glavu hizi hupimwa kwa kanuni iitwayo EN 13594. Kwa kanuni hiyo ilivyotolewa mwaka 2015, kiganja cha daraja la kwanza hakina budi kustahimili kusuguliwa na mashine kwa sekunde 4, na cha daraja la pili sekunde 8. Tazama kibandiko cha ndani: tarakimu 1 au 2 ndiyo daraja, na herufi KP maana yake vifundo vya vidole vimekingwa.

Hata hivyo kibandiko chaweza kuigwa. Basi jaribu mwenyewe dukani. Vaa glavu, funga ukanda wake, kisha mwambie mwenzako aivute kwa ncha za vidole. Ikivuka, iache, kwa maana siku ya ajali itakutoka kabla hujafika chini. Halafu kunja mkono kana kwamba umeshika usukani: ngozi isijikunje kiganjani, wala vidole visibanwe. Glavu zilizokatwa vidole, na zile za pamba za kazi ya bustani, hazifai kwa safari.

Zikilowa jasho, zianike kivulini penye upepo. Jua kali na moto huikausha ngozi ikapasuka, na glavu iliyopasuka haimkingi mtu.

Mikono ndiyo mtaji wa mwendesha pikipiki. Pikipiki ikiharibika hupelekwa kwa fundi akatia chuma kipya. Kiganja hakina kipuri.