Kwacha Ikishuka, Mpepai Yadaiwa

Noti ya kwacha 5,000 iliingia kwenye mzunguko nchini Malawi mwanzoni mwa 2022. Wakati huo ilikuwa na thamani ya dola 6 hivi. Mei mwaka huohuo kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikashushwa tena, na dola iliyouzwa kwacha 1,180 ikapanda hadi 1,700. Noti ileile haikufikisha tena dola 3, tena kwa bei ya benki. Mtaani ilishuka zaidi, kwa sababu benki zenyewe zilikaukiwa dola.

Chanzo kinafahamika. Malawi hupata sehemu kubwa ya fedha za kigeni kwa tumbaku, na hununua nje mafuta, mbolea na dawa. Kimbunga Freddy cha 2023 na ukame wa 2024 viliharibu mashamba. Mkopo wa IMF wa dola milioni 175, ulioidhinishwa Novemba 2023, ulikoma Mei 2025 kabla ya kukamilika.

Kwa jirani anayeuza chakula, yaani Tanzania, hali hii huonekana kama neema: wenye njaa wapo ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mahindi yapo wilayani Mbinga. Hesabu hiyo ina kasoro. Njaa haikupungua; kilichopungua ni fedha ambayo muuzaji anaweza kuipokea. Mfanyabiashara wa bandari ya Mbamba Bay akilipwa kwa kwacha, hubeba hasara ya kila siku anayokaa nayo akitafuta wa kuibadilisha. Akitoa mali kauli, hasara humsubiri siku ya kulipwa. Kwa vyovyote hujikinga mapema, na kinga yake ni moja: kushusha bei anayomlipa mkulima.

Serikali nazo zilizidisha ugumu. Mwaka 2025 Malawi ilizuia kwa muda mazao kadhaa kutoka nje, yakiwemo unga, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikaondoa zuio hilo baada ya siku chache ili kupisha mazungumzo. Siku chache kwa wizara ni barua mbili. Kwa mwenye ndizi ni mzigo mzima kuoza.

Sasa tupande milimani, hadi kata ya Mpepai, Mbinga. Kahawa ya Mbinga haiuzwi Malawi. Soko lake liko mbali na huhesabiwa kwa dola. Kwa hiyo mkulima wa kahawa angeonekana yuko salama. Lakini katika kaya nyingi za Mbinga kahawa na mahindi ni vya mkulima mmoja, na mahindi ndiyo fedha ya karibu. Gunia lisipopata mnunuzi, au likiuzwa kwa bei ya kutupa, msimu wa mbolea unafika huku mfukoni hamna kitu. Januari ada na sare zinadaiwa. Hapo ndipo magoma huingia: mwenye fedha hukopesha leo, na hulipwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei aliyoipanga yeye huku mibuni ikiwa bado na maua.

Kwa njia hiyo upungufu wa dola Lilongwe huishia kwenye kahawa ambayo haikuvuka ziwa kabisa. Takwimu za forodha haziwezi kuuonyesha, kwa kuwa hupima kilichopita mpakani tu. Vyama vya msingi vya ushirika na halmashauri vianze kuandika kilo za kahawa zinazouzwa kabla ya kuiva, kata kwa kata, kila Januari.